Mpasuaji mmoja hodari, au kitengo cha mabingwa watano?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63. Tangu miezi mitatu iliyopita chakula kigumu kinamkwama kifuani, sasa anakula vitu laini tu. Kamera imeonyesha uvimbe sehemu ya chini ya umio, karibu na mlango wa tumbo, na majibu ya kinyama yamesema ni adenokasinoma, yaani saratani ya chembe za tezi. Mpasuaji mmoja anayesifika sana amesema anaweza kumfanyia operesheni wiki ijayo. Lakini daktari aliyempima kwa kamera ametuandikia rufaa kwenda kitengo maalumu cha saratani za umio na tumbo, mbali na nyumbani. Huko tumeambiwa wapo madaktari bingwa wa upasuaji watano, kesi itajadiliwa kwanza kikaoni, na huenda akapewa dawa kwa miezi miwili kabla ya kisu. Ndugu wanasema tunachezea muda, saratani itaenea. Na hatujui hata ni yupi kati ya hao watano atakayemshika baba. Tufanye nini?

JIBU: Marahaba. Nendeni kwenye kitengo, mradi kimpokee baba mapema. Nasema hivyo bila kumjua huyo mpasuaji wa wiki ijayo na bila kumvunjia heshima. Huenda mikono yake ni mizuri kuliko yangu. Ila kwenye operesheni hii mikono ya mpasuaji ni kama nusu ya hesabu, na nikisema nusu sitii chumvi, tarakimu nitakuonyesha. Nusu iliyobaki ni watu ambao wengi wao hamtawaona siku ya upasuaji, na baadhi hamtawaona kabisa.

Nianze na operesheni yenyewe, maana ukiielewa hiyo mengine yatafuata. Umio ni mrija wa kama sentimita 25. Unaanzia shingoni, unashuka kifuani nyuma ya bomba la hewa na nyuma ya moyo, unapenya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na kuingia tumboni. Kwa uvimbe ulioko mahali pa baba yako, njia inayotumika sana iliwekewa msingi na Ivor Lewis, mpasuaji kutoka Wales, mwaka 1946, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Inaanzia tumboni. Mpasuaji analilegeza tumbo la chakula kutoka kwenye mishipa yake karibu yote, anauacha mmoja mkubwa unaofuata ukingo wa chini kwa upande wa kulia, kisha kwa mashine ya pini analikata na kulifunga libaki mrija mwembamba. Tezi za limfu zilizo kando ya mishipa zinaondolewa pia. Baada ya hapo mgonjwa anageuzwa alalie ubavu wa kushoto, daktari wa usingizi anafunga hewa ya pafu la kulia ili lisinyae, na mpasuaji anaingia kifuani. Anatoa kipande cha umio chenye uvimbe, anauvuta ule mrija wa tumbo juu na kuushona na umio uliobaki. Mara nyingi ni kazi ya kutwa.

Sasa itazame ncha ya ule mrija. Ndiyo inayoshonwa, na ndiyo iliyo mbali kuliko sehemu nyingine zote na ule mshipa mmoja ulioachwa. Kabla ya kushona, mpasuaji anatulia na kuiangalia rangi. Ikiwa ya waridi, vizuri. Ikielekea zambarau, inabidi akate nyuma zaidi, na akikata kupita kiasi mrija hautafika. Vitengo vingine hudunga rangi ya kijani inayong'aa chini ya kamera maalumu, waone damu inaishia wapi. Uamuzi huo huchukua dakika chache tu, na haufundishiki darasani. Unatokana na kuziona ncha nyingi, zikiwemo zile ambazo baadaye zilioza, na kukumbuka zilikuwa na sura gani siku ile.

Ndiyo maana idadi ina uzito. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu za wagonjwa wa Medicare, bima ya serikali ya wazee, waliofanyiwa operesheni kubwa za aina mbalimbali. Kwenye kuondoa umio, hospitali zilizofanya chache kabisa zilipoteza wagonjwa takriban 20 kati ya 100; zilizofanya nyingi zaidi zilipoteza 8. Hesabu hizo ni za zamani, na leo vitengo vizuri hupoteza chini ya 5 kati ya 100 ndani ya siku 90. Mwaka 2003 watafiti haohao walirudi na swali ambalo kwa kweli ndilo lenu: tofauti hiyo inaletwa na hospitali, au na mpasuaji mwenyewe? Kwa umio walikuta kwamba idadi anayofanya mpasuaji inaeleza asilimia 46 ya tofauti. Hiyo ndiyo nusu niliyoitaja. Uholanzi haikusubiri ubishi uishe: kuanzia 2006 ilizitaka hospitali zinazoondoa umio zifanye angalau operesheni 10 kwa mwaka, na kuanzia 2011 kiwango kikapandishwa hadi 20. Zisizofikia ziache, zipeleke wagonjwa kwa wenzao.

Na ile nusu nyingine iko wapi? Utafiti mmoja wa mwaka 2009, pia wa Marekani, ndio ulionibadilisha namna ninavyowajibu watu swali hili. Haukuhusu umio pekee, ulichukua upasuaji mkubwa wa namna nyingi. Walizilinganisha hospitali ambazo wagonjwa wengi hufa na zile ambazo wachache hufa, wakitarajia kwamba za kwanza zina matatizo mengi zaidi baada ya operesheni. Hazikuwa nayo. Wagonjwa waliopata matatizo walikuwa karibu sawa pande zote, kama robo ya wote. Tofauti ilikuwa kwa waliopata tatizo kubwa: kwenye hospitali mbaya zaidi walikufa 21 kati ya 100, kwenye nzuri zaidi 12 na ushei. Kwa maneno mengine, matatizo humpata mgonjwa popote. Hospitali nzuri ni ile inayomtoa ndani yake.

Ngoja nikuchoree siku ya sita, maana hapo ndipo ninapomwona baba yako kila ninaposoma barua kama hii. Operesheni imekwenda vizuri, familia imeshashukuru, mgonjwa anakaa kitini na anatembea hatua chache na mtaalamu wa fiziotherapia. Usiku mapigo ya moyo yanapanda hadi 115 na kuanza kwenda bila mpangilio. Joto ni 37.8, si la kutisha. Mkewe anasema tu kwamba amekuwa si yeye, anahangaika, anavuta nguo. Kila dalili peke yake ina maelezo mepesi: maumivu, usingizi haba, upungufu wa maji. Zikija pamoja siku ya sita, ni mshono unavuja kifuani mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Hata kwenye vitengo bora mshono huvuja kwa mgonjwa kama mmoja katika kumi. Sasa fuata kinachotokea. Kwenye kitengo kilichozoea, muuguzi wa wodi hasubiri raundi ya asubuhi; anampigia aliye zamu, na aliye zamu ni mtu anayeijua operesheni hii. Kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya mwili kwa mashine ya eksirei, kinafanyika saa zilezile. Mtaalamu wa picha anajua mrija huu mpya unavyopaswa kuonekana, hababaishwi na sura yake ngeni. Anaweza kupitisha bomba dogo la kutolea usaha bila kisu. Mtaalamu wa kamera anaweza kuweka sponji inayofyonza uchafu pale palipotoboka, au kuziba kwa mrija wa wavu. Kitanda cha chumba cha mahututi kipo. Kwenye hospitali ambayo operesheni hii hufanywa mara chache, mpasuaji hodari yuko safarini siku hiyo au amelala, daktari kijana anaandika antibayotiki na "tumwangalie hadi kesho". Hiyo kesho ndiyo inayoua, na hakuna uhodari wa siku ya kwanza unaoifuta.

Kwa hiyo wale watano msiwaone kama foleni ya kuchagulia aliye bora. Wapo watano ili usiku wa siku ya sita awepo mmoja. Chama cha wapasuaji wa njia ya juu ya chakula cha Uingereza na Ireland kimeeleza kitengo kinachofaa kuwa na madaktari bingwa 4 hadi 6, kila mmoja akifanya angalau operesheni 15 hadi 20 za namna hii kwa mwaka, kikihudumia watu kati ya milioni moja na mbili. Zingatia hiyo milioni. Saratani hizi si za kila siku. Ukitaka mpasuaji anayezifanya vya kutosha, lazima atumikie eneo kubwa, na lazima wengine wasafiri. Umbali mnaoulalamikia ndio unaompatia mazoezi.

Nani atamshika baba? Ulizeni, ni haki yenu, na mtajibiwa kwa jina. Kwa kawaida bingwa mmoja ndiye mwenye dhamana ya mgonjwa, lakini kwa operesheni hii mabingwa wawili mara nyingi huingia pamoja, mmoja akiongoza tumboni na mwingine kifuani, au wakisimama pande mbili za kitanda kimoja. Madaktari walio mafunzoni nao hushiriki chini ya macho yao. Msishangae kama aliyewapokea kliniki si yule atakayeshika kisu. Familia nyingi hutaka kujua yupi kati yao ana takwimu nzuri zaidi, na hapo nawatahadharisha: mtu anayefanya operesheni 20 kwa mwaka, kifo kimoja tu kinamfanya asomeke asilimia 5, na mwenzake aliyekataa wagonjwa wote wagumu atasomeka sifuri. Ulizeni takwimu za kitengo kizima.

Sasa hicho kikao, ambacho ndugu zako wanakiona kama urasimu. Pale hukaa wapasuaji, mtaalamu wa dawa za saratani, wa mionzi, wa picha, wa kamera, yule anayesoma vinyama kwenye hadubini, muuguzi maalumu na mtaalamu wa lishe. Swali lao la kwanza ni kama baba ana kitu cha kupasuliwa. Atahitaji CT ya kifua na tumbo, mara nyingi na PET, ambayo huonyesha sehemu nyingine za mwili zinazofyonza sukari kama saratani inavyofanya. Kwa uvimbe ulioko kwenye mlango wa tumbo, vitengo vingi huongeza kuchungulia kwa tundu dogo la kitovuni akiwa usingizini, kwa sababu saratani ikishatapakaa kwenye utando wa ndani wa tumbo huweza kuwa punje za milimita mbili tatu, na CT haizioni. Jicho linaziona. Zikikutwa, kuondoa umio kutamlaza miezi bila kumrefushia maisha, na matibabu yanageukia dawa. Ukiniuliza mimi daktari bingwa wa kitengo hiki anapimwa na nini hasa, nitasema ni operesheni alizokataa kufanya, na namna alivyomweleza mgonjwa sababu.

Ndiyo maana ile "wiki ijayo" inanitia wasiwasi kuliko hiyo miezi miwili. Je, vipimo hivyo vimeshafanyika? Barua yako haikuvitaja.

Kuhusu kuchezea muda: dawa kabla ya kisu si kusubiri, ni matibabu yameanza, tena yanayofika mahali ambapo kisu hakifiki, kwa chembe zilizokwisha kutoroka. Mwaka 2006 Uingereza ilichapisha matokeo ya wagonjwa wenye adenokasinoma ya tumbo na ya sehemu ya chini ya umio, waliogawanywa kwa kura: wengine operesheni peke yake, wengine dawa kabla na baada. Baada ya miaka mitano walikuwa hai 23 kati ya 100 wa kundi la kwanza na 36 wa kundi la pili. Tangu hapo dawa zimekuwa kali zaidi na bora zaidi. Mchanganyiko unaotumika sana leo unaitwa FLOT, dawa nne zinazotolewa kila baada ya wiki mbili: mizunguko minne kabla, minne baada. Hapo ndipo ilipotoka ile miezi miwili. Utafiti wa Kijerumani wa 2019 uliupambanisha na dawa za awali, na nusu ya wagonjwa wa FLOT walivuka miezi 50, dhidi ya 35 kwa dawa za zamani. Baadaye ulipolinganishwa na mionzi pamoja na dawa kwa adenokasinoma ya umio, FLOT ikashinda tena, miezi 66 kwa 37. Jambo la kupendeza, ambalo takwimu haziwezi kukuonyesha, ni kwamba wengi humeza vizuri zaidi baada ya mzunguko wa pili au wa tatu, na huingia chumba cha upasuaji wakiwa wamenenepa kidogo.

Majibu ya kinyama yangekuwa ya aina ya skwamasi, yaani saratani ya chembe bapa za utando wa umio, ningekueleza tofauti: huko mionzi na dawa vina nguvu sana, karibu nusu ya waliopewa kwenye utafiti mmoja mkubwa wa Uholanzi hawakukutwa na chembe hai ya saratani kwenye umio uliotolewa, na wagonjwa wengine siku hizi hukwepa kisu kabisa wakifuatiliwa kwa karibu. Lakini si hali ya baba yako.

Watakuonyesha labda roboti, au upasuaji wa matundu. Ni vitu vizuri. Wafaransa walionyesha mwaka 2019 kwamba kuifanya sehemu ya tumboni kwa matundu kulipunguza matatizo makubwa kutoka kama 64 hadi 36 kati ya 100. Ila mashine isiwe kigezo chenu cha kuchagua.

Huyo mpasuaji wenu anayesifika msimkimbie kimyakimya. Mwendeeni kwa adabu, mmuulize: daktari, umio umeondoa wangapi mwaka uliopita? Wangapi walifariki ndani ya siku 90? Mshono ukivuja usiku nawe haupo, nani anamrudisha chumba cha upasuaji? Anayeifanya kazi hii kwa kweli atajibu papo hapo, kwa sababu ndiyo hesabu anayolala nayo. Akikasirika, mmepata jibu. Na mwombeni ampeleke baba kwenye kikao cha kitengo yeye mwenyewe. Huenda hata ni mmoja wa wanaokaa pale, nami nimekuwa nikimsema bure. Maswali hayohayo waulizeni na wale watano. Waombeni pia jina na simu ya muuguzi maalumu wa kitengo. Huyo ndiye mtakayempigia kabla ya daktari yeyote, na ndiye anayejua mambo yamekwama kwenye meza ya nani.

Kama wiki mbili zitapita bila miadi, daktari wa kamera apige simu mwenyewe, asitegemee karatasi. Mbebe CD ya picha, ripoti ya kinyama, na ulizeni kama vioo vya kinyama vinaweza kutumwa visomwe upya kitengoni.

Wakati mnangoja, kazi kubwa ni uzito. Mpimeni baba leo na mlinganishe na uzito wake kabla ya kuugua. Akiwa amepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi, semeni hivyo kwenye simu ya kwanza, msisubiri muulizwe. Ale kidogo kidogo mara sita au saba kwa siku, vitu laini vyenye mafuta na protini. Kama anavuta sigara aache leo, na atembee kila siku hadi aheme kidogo, kwa sababu baada ya operesheni hii mapafu ndiyo huugua kwanza. Na akifikia hatua ya kushindwa kumeza hata maji, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Lakini mtu akipendekeza kumtobolea tumbo la chakula ili kumwekea mrija wa kulishia, au kumwekea mrija wa wavu kwenye umio, mwambieni azungumze kwanza na kitengo. Tumbo hilo ndilo litakalokuwa umio wake mpya, na ule mshipa mmoja wa ukingo wa chini unaweza kuharibiwa na tundu lililowekwa pasipofaa. Mrija wa kulishia unaweza kuwekwa kwenye utumbo mwembamba badala yake.